Mbuzi ya Campagne ya Pili

Butembo, siku ya yenga. Mvua, na roho haiko fasi moja.

Mvua ilianza wakati padri alikuwa nasoma Injili, na mpaka sasa haijaenda kwabo. Nimekaa mu chumba yangu, mulango wazi, blanketi ku mabega, miguu karibu na mbabula ya makala. Ni ile baridi ya Butembo yenye batu ya Beni banatuchekeleaka. Inje, chini ya muti ya avoka, mbuzi moja nyeusi inalia. Inalia tangu siku ya ine.

Batoto ya hapa nyumbani banaiita Excellence, kama mutu mukubwa ya inchi. Banaikatia majani ya viazi, banaiimbia, na jana nilikuta bameivalisha foulard ya kichwa ya campagne ya kura ya zamani, ile ya kijani yenye picha ya Papa Malembe. Nilicheka mpaka nikakaa chini ku simenti. Kisha nikalia kidogo. Hakuna mutu aliniona, basi naandika hapa.

Mbuzi aliileta Papa Malembe mwenyewe, na mpaka kesho asubuhi lazima nimujibu.

Malembe haiko jina ya kuzaliwa. Batu njo balimupatia, sababu anaongea malembe, anatembea malembe, na siasa yake pia ni ya polepole. Ni mutu ya Beni, kwabo ni Beu, kartiye ya kule. Alisoma na papa yangu ku internat ya mapadri, balilala ku kitanda moja ya juu na ya chini, na papa yangu anasemaka mpaka leo kama kule juu alikuwa nalala Malembe sababu aliogopa panya. Akafanya biashara, akakuwa député ku bunge, kisha akatafuta kuwa rais ya inchi hii. Mara moja. Akaanguka.

Sasa anataka kurudia.

Kwetu hapa nyumbani, mutu hakuyaka kuomba jambo kubwa mikono mitupu. Anakuya na mbuzi, anaifunga ku muti, anakunywa kahawa, anaenda. Kama familia inaichinja na kuikula, imekubali, na munamutumia muguu moja ya nyuma ili ajue. Kama mbuzi inabaki hai, amejua pia, na hakuna mutu anamupigia kelele ya hapana ku uso. Ndoa ya dada zangu ilipita ile njia, na mambo ya mashamba ya Vuhovi pia. Papa Malembe ni mutu ya bitu ya zamani. Hata kutafuta présidence alianza na kamba ya mbuzi ku mukono.

Batu ya chama yake ku Kinshasa banacheka ile desturi. Yeye aliwaambia kama papa yangu hakubali, haanzi. Na papa yangu, siku ya ine, akiwa ku kiti yake na radio ku magoti, alisema mbele ya wote: «Mimi nimezeeka. Mwenye atatembea ku masoko ni Kavira. Kavira njo atajibu.»

Asante Papa. Kweli asante.

Mbuzi ya kwanza tuliikula siku ile ile ililetwa. Haikupata hata wakati ya kulia.

Aliichinja bwana yangu. Amuri alikuwa Muislamu ya Beni, mutu ya kuendesha camion, na mimi ni mukatoliki ya kichwa nguvu. Siku tulioana batu balisema ile ndoa haitafika Pâques, basi sijui walimaanisha Pasaka gani. Mu parcelle hii ya nyumbani, kila mbuzi ilikuwa yake kuchinja, ili kila mutu akule, bajirani Baislamu, bakatoliki, bote. Alikuwa na kisu yake, alifunga mupini yake ya muti na kipande ya pneu ya camion, na hakuna mutu alikuwa na ruhusa ya kukata nayo hata kitunguu. Anasema bismillahi, anakata. Kisha papa yangu anafanya alama ya musalaba juu ya sufuria. Amuri alikuwaka anasema: «Hii mbuzi iko salama kuliko sisi, imeombewa pande zote.»

Ile siku Papa Malembe alikula bugali na mikono, akashiba, akatuelezea sababu anataka kazi ya rais. Nakumbuka kama jana. Alisema inchi ni nyumba yenye batoto bamelala ndani. Bengine banataka kuibomoa yote ili bajenge mupya, bengine banataka ibaki vile hata kama inavuja. Yeye anataka kutengeneza chumba moja, kisha chumba ingine, batoto bakiwa bamelala. Acha sheria kubwa vile iko, heshimu bazee na makanisa na misikiti, acha mufanyabiashara afanye kazi yake bila kumukamua ku kila barrière ya njiani, ongea na adui mbele ya kupigana naye.

Amuri akamuuliza kama hiyo yote inaweza kuimbwa ku mikutano. Papa Malembe akasema hapana, na njo shida yake.

Kweli ilikuwa shida yake. Mi nilikuwa chef ya bamama ya bitenge mu soko, tulimutafutia nyimbo, tukamushonea foulard, tukapiga vigelegele mpaka sauti ikaisha. Anapanda ku jukwaa, batu banachemka, yeye anaanza kusalimia bachefu moja-moja na majina ya baba zabo. Bavijana banapiga filimbi. Siku moja balimuomba amutukane mupinzani yake kidogo, hata kidogo tu, mukutano ipate moto. Alikamata micro akasema: «Ule mutu iko na mama. Mama yake anatusikia ku radio.» Kisha akaendelea na barabara za mazao.

Bavijana balikata tamaa. Mi nilimupenda pale pale.

Tulienda fasi mingi. Tulienda mpaka Luofu, kule kusini ya Lubero, na camion ya Amuri mbele na jeep ya Papa Malembe nyuma. Matope ilishika ile jeep. Papa Malembe akashuka na costume yake na biatu yake ya kung'aa, akaanza kusukuma. Amuri akamupigia kelele kutoka mbele: «Papa, rais hasukumaka!» Akajibu, malembe vile vile: «Bado sijakuwa.» Tulicheka mpaka tukashindwa kusukuma. Bamama ya Luofu balitupokea na viazi ya moto na maharagi, na ile usingizi nililala ndani ya cabine ya camion, kichwa ku bega ya Amuri, sijaipata tena.

Kisha tukasikia ile habari.

Mwenye alikuwa hapa anajua. Ku Kinshasa balisema Beni na Butembo hatutapiga kura ya rais, sababu ya Ebola na sababu ya usalama. Inchi nzima inapiga, sisi tunakaa. Papa Malembe alikuwa mutoto ya hapa, kura yake ya kweli ilikuwa hapa. Ilikuwa kama kupika mwaka muzima kisha siku ya karamu banakufungia mulango, unabaki inje.

Batu balikasirika. Kisha, unajua batu ya Butembo, balipanga kura yabo benyewe. Mu kiwanja, na makarton, na karatasi ya daftari, na ndoo ya maji ya chlore ku mulango ili mutu asiseme tunasambaza ugonjwa. Bamama balikuya na bitenge ya yenga. Tulinawa mikono, balitupima joto ku paji ya uso, tukasimama ku mustari. Mvua ikanyesha juu yetu na hakuna mutu alitoka.

Amuri alikuwa nyuma yangu. Ile mwaka hatukuwa nashikana mikono, munakumbuka. Kila mutu alikuwa nasalimia na kiwiko ama na kichwa tu, sababu ya ugonjwa. Hata mu nyumba tulikuwa tunaogopa. Na Amuri hakuwaka mutu ya kushika muke yake mbele ya batu, hata siku moja. Pale ku mustari, chlore ikiwa haijakauka ku vidole, alinishika mukono. Alinishika vile mpaka tukafika ku karton.

Tulimupigia Papa Malembe kura. Ku kiwanja yetu alishinda. Bamama walimutangaza rais ya kiwanja, akina baba wakapiga makofi, na haikuhesabiwa fasi yoyote.

Mimi nilihesabu.

Nitaandika mara moja tu hii ingine, kisha nisonge mbele. Myaka kidogo nyuma, batu ya mapori balikamata camion ya Amuri njiani, upande ya Beni, na balimuua. Tulimuzika hapa Butembo. Papa Malembe alikuya na Mama Odile, muke yake. Alitoa biatu, akakaa ku mukeka na bazee ya musikiti, akabaki mpaka siku ya mwisho ya matanga. Bakubwa bengine balituma message. Yeye alikaa chini, magoti yake yenye maumivu, na kila mutu mwenye aliingia alimusikia anasema: «Huyu alikuwa mutoto yangu.»

Kwa ile sababu, siku ya ine, niliposikia jeep yake ku mulango, nilikimbia kumupokea na unga ya bugali ku mikono.

Alikonda. Lakini alikuwa amevaa vizuri, na alipoanza kuongea alikuwa yeye kabisa. Alisema safari hii mambo iko tofauti. Batu bamechoka na kelele. Bale benye balipiga kelele, tuliona kazi yabo. Vita iko mu nyumba sasa, na mu nyumba yenye vita banatafuta mutu mwenye anaweza kuongea na pande zote bila kuuza hata moja. Ku Kinshasa kuko bakubwa benye bako tayari kumusimamia nyuma, sababu hachukiwi na mutu. Na Beni na Butembo, kama Mungu anasaidia, tutapiga kura ya kweli.

Nilimusikiliza na nikaona inawezekana. Sichezi. Niko natembea mu soko kila siku, nasikia batu. Bamama ya bitenge banauliza juu yake. Banasema ule hakutukanaka, ule hakuibaka, ule tunamujua. Bavijana ni jambo ingine, banasema iko kama chai ya jana, na kwa telefone haonekani hata mara moja. Lakini na bavijana pia bamezika batu, na nimeona bengine banaanza kunyamaza wakati mutu mupole anaongea.

Hata Mama Kahindo, ndugu yetu mwenye alikimbia Luofu na batoto yake na sasa analala mu chumba ya nyuma, aliweka chungu chini ili asikie. Kule kwabo bengine, bale benye bunduki, njo banatawala sasa. Yeye njo ananitaniaka kuliko wote: «Mi nilimupigia Malembe kura ya kweli, ya kuhesabiwa. Wewe ulicheza.» Siku ya ine aliongeza: «Sasa ninyi njo mutapiga, na sisi ya Luofu tutabaki kuangalia.» Papa Malembe alimuangalia akasema hataki kura bila Luofu. Nilimuamini.

Akaanza kutuelezea ile ya jeep na matope. Tulicheka. Rais hasukumaka, bado sijakuwa. Papa yangu alipangusa macho.

Kisha akaielezea tena. Kutoka mwanzo, na maneno ile ile, na pale pa kucheka akatungojea. Tukacheka tena, juu ya heshima. Mama Odile hakucheka. Alikuwa naangalia kikombe yake.

Mi nilisema mu roho, ni uzee, hata papa yangu anarudiaka.

Basi akasimama. Akaangalia parcelle, muti ya avoka, mbuzi, akapiga mikono mbili pamoja kama mutu mwenye anafungua karamu, akasema:

«Amuri iko wapi? Mumuite achinje, batu bakule.»

Radio ya papa yangu njo ilibaki inaongea yenyewe. Mama Kahindo alirudia kukamata chungu yake. Mi nilikuwa nimesimama na sahani ya mukate, na sijui mudomo yangu ilitoa wapi ile jibu. Nilisema: «Iko mu safari, Papa.»

«Ah. Ule na camion yake», akasema, akakaa.

Nitaandika ukweli, sababu hapa njo fasi yangu ya kusema ukweli. Sikukasirika. Mbele ya kuelewa kama kichwa ya ule muzee inavuja, mbele ya kumuhurumia, nilisikia furaha. Kidogo tu, kama mutu amefungua dirisha na kuifunga. Kuko mutu moja mu dunia hii mwenye anaona Amuri iko njiani anarudi.

Mama Odile alinifuata ku jikoni. Ni mama ya kunyamaza, sijamusikiaka anaomba kitu. Alinishika mikono yote mbili, na unga yangu, na kila kitu.

«Kavira, mutoto yangu, umeona.»

«Nimeona, Mama.»

«Kule Kinshasa habajaona. Bale habamuangalii, banaangalia jina yake. Asubuhi iko muzuri, banamuweka mbele ya batu asubuhi, kisha banasema anawezaka. Siku moja ile kusahau itamukamata ku jukwaa, mbele ya inchi nzima, na batacheka. Bavijana bataiweka ku telefone. Yeye mwenye hakuchekaka mutu. Mimi hanisikilizi. Munganga hamusikilizi. Ile mbuzi njo atasikiliza.»

Baliondoka na mbuzi ikabaki.

Siku ya tano sikufanya kitu. Niliuza bitenge, nikapima vibaya mara mbili, batu ya karibu balinicheka. Kila mama ananiuliza: mumekula? Habari ya mbuzi hapa inafika ku soko mbele ya mbuzi yenyewe. Nilisema bado tunanunua chumvi.

Jana, siku ya posho, nilifungua malle ya Amuri, ile sanduku ya bitu yake. Nilitoa kisu. Nilikaa ku ngazi ya nyuma, nikainoa ku jiwe, na kila mara nainoa najitolea sababu ingine muzuri. Inchi inahitaji mutu mupole. Asubuhi iko muzuri, tutapanga mikutano ya asubuhi. Mi nitasimama karibu yake, akisahau nitamukumbusha. Bakubwa bengine ya inchi hii beko na vichwa nzima na tumeona wametufanyia nini. Nilianza hata kuwaza rangi ya foulard. Niliwaza kijani tena, lakini na mupaka nyeupe.

Mama Kahindo alinikuta pale. Aliangalia kisu, akaangalia mbuzi, akasema kwa moyo mweupe tu: «Kama ni mutu ya kuchinja, nimuite ule jirani ya musikiti. Anachinjaka muzuri.»

Ni kweli, anachinjaka muzuri. Ni mutu ya Mungu, hana kosa na mutu.

«Hapana.» Nilisema na sauti ya kupasua. Kuku zilikimbia. Batoto baliacha kucheza. Mama Kahindo alibaki ananiangalia, na mi nikabaki naangalia kisu, na pale pale nilijua.

Sikukuwa nataka campagne ya pili. Nilikuwa nataka ya kwanza. Nilikuwa nataka matope ya Luofu na ile kichwa ku bega, ile mustari ku kiwanja na mukono yenye kunuka chlore. Na kwa kupata ile, nilikuwa tayari kumupandisha muzee mugonjwa ku jukwaa mbele ya inchi nzima, mutu mwenye alikaa chini na mimi ku mukeka.

Nilimuomba Mama Kahindo musamaha. Alisogea kando yangu akakaa, akakamata kisu polepole ku mukono yangu, akaiweka nyuma yake. Kisha akaanza kunieleza juu ya mashamba yake ya viazi kule Luofu, kama mutu anaongea na mutoto mwenye homa. Tulikaa vile mpaka jua ikaingia.

Leo kisha misa nilimuambia papa yangu. Alikuwa ananywa kahawa ya Vuhovi, anapuliza sana, meno yake haipendi tena moto. Nilimuambia mbuzi itabaki hai. Alikunja uso kidogo, akauliza kama nimefikiri sana. Nilisema ndiyo. Akasema: «Mi nilijua toka alirudia ile ya matope. Lakini kama ningesema mimi, angefikiri ni wivu. Toka internat tunaoneana wivu.»

Kumbe. Muzee alijua, akanirushia mimi muzigo. Nilimukasirikia mpaka kahawa yangu ikapoa. Kisha nikamuongezea sukari.

Nilipanga kesho niende mpaka Beni, nifike kwake Beu mwenyewe, nimuambie muzuri, na kuku moja ya zawadi. Lakini kidogo tu hapa nyuma, katikati ya kuandika, telefone ililia. Ni yeye. Mvua ilikuwa ku bati yetu na nikasikia mvua ku bati yake pia.

Alinisalimia malembe, akauliza juu ya papa yangu, juu ya magoti ya papa yangu, juu ya bamama ya soko. Sauti yake ilikuwa ya zamani kabisa. Nilianza kuogopa kama nimekosea.

Akauliza: «Na mbuzi iko namna gani?»

«Iko muzima, Papa. Inakula majani ya viazi. Batoto bamezoea kucheza nayo.»

Nilisikia mutu anapita nyuma yake, labda Mama Odile, na mulango inafungwa. Nilikuwa nashika telefone na mikono mbili.

Kisha akacheka, ile cheko yake ya chini.

«Basi muiachie batoto», akasema. «Mwambie papa yako wasingya. Asante sana. Nilikuwa nimechoka, Kavira. Nilikuwa nangojea mutu aniambie.»

Nilisema asante Papa. Nililia, na safari hii sikujificha, Mama Kahindo alikuwa ku mulango. Nilifikiri amekata. Kumbe bado alikuwa pale.

«Amuri akirudi safari», akasema, «umusalimie sana. Umuambie safari hii hatukumuchosha.»

«Nitamuambia, Papa.»

Mvua imepungua. Batoto bamefungua kamba, Excellence inatembea mu parcelle yote, imekula maua ya mama yangu yenye nilichunga myaka yote, na hakuna mutu anaifukuza. Kisu nimeirudisha ku malle.

Kesho, mbele ya kufungua magazin yangu ya bitenge, nitapita ku makaburi ya Baislamu. Niko na salamu ya kufikisha.